Nyumba ya Chupa

Meza hii si yangu. Ni ya bibi yake Drahomira.
Ilivuka vita na kuhamishwa mara tano
bila alama, mpaka nikastaafu mgodini
na kuanza kujenga, kwa plastiki na waya,
mnara wa shimo namba sita,
mrefu kama mkono wangu hadi kiwikoni.

Jumanne moja ya Februari, theluji ikifunika balkoni,
kiwiko hichohicho kiligusa chupa.
Gundi nyepesi, nyepesi kuliko maji,
haikupiga kelele. Ilikwenda tu,
ikapita chini ya gazeti, ikatafuta mbao,
nami nikairukia kwa leso
nikaangusha na rangi nyeusi juu yake.

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema.
Hawakuijua gundi. Hiyo huzoleka,
ila huzoleka pamoja na vanishi.

Doa lilibaki, ukubwa wa kiganja cha mtoto,
jeupe katikati, ukingoni jeusi
kama kucha ya mchimba makaa.
Drahomira hakusema neno.
Alitandaza kitambaa juu yake, tukala supu ya kabichi,
na kijiko chake kililia kwenye sahani kuliko kawaida.

Siku tatu za kijiko.
Ya nne nikasikia msumeno stoo ya chini.

Wasemao ajali haina kinga
hawajamwona mke wangu na keekee.
Alipanda ngazi na kipande cha mguu wa kitanda
alicholalia Blanka kabla hajahamia Brno,
amekitoboa tundu, amelipima kwa chupa yenyewe:
inaingia kwa kusugua kidogo, kama kidole kwenye pete.
"Sukuma," akasema.
Nikasukuma. Gogo lilisogea, chupa haikuyumba.
"Sasa sukuma kama wewe."
Nikasukuma kwa kiwiko.

Mengine nimeyaongeza mwenyewe.
Brashi siichovyi tena koponi; natoa matone matatu
kwenye kifuniko cha jamu, na kopo linarudi rafuni limefungwa,
mdomo nimeufuta, maana rangi ikikauka pale
kesho utalifungua kwa koleo na kwa matusi,
na matusi humwaga.
Kazi yote inakaa ndani ya trei ya kuokea, yenye kingo.
Sweta ya mikono mipana naivua
hata dirisha likiwa wazi na baridi ikinishika masikio.

Gumu kuliko yote ni hili:
kipande kikianguka, kiache.
Mwili haukubali. Mwili unaruka,
magoti yanabana, mkono unafagia,
na kwa kuokoa kigurudumu kama punje ya ufuta
unaangusha dunia.
Shimoni Oldrich, msimamizi wetu, alitufundisha vivyo hivyo:
taa ikikudondoka gizani, simama. Hesabu hadi kumi.
Yeye alihesabu kwa sauti, polepole, kama anayelipa deni.
Wapo ambao hawakuhesabu.

Jana gurudumu la juu ya mnara liliniponyoka.
Nililisikia likigonga trei, kisha sakafu, kisha kimya.
Nikakaa, mikono hewani kama mtu aliyekamatwa.
Moja. Mbili.
Kufika saba, Drahomira aliyekuwa akisoma gazeti
alinyanyua mguu, akaokota kitu chini ya sapatu yake,
akakipuliza,
akakiweka kiganjani mwangu.

Kitambaa hakitandazwi tena.
Doa lipo. Chupa, ndani ya nyumba yake ya mguu wa kitanda,
imesimama juu yake hasa,
kwa makusudi au kwa mazoea, sijui ya nani,
na mnara umebakiza ngazi moja tu, na kengele.