Kiasi na Asili

Majina saba niliyaandika kwa kalamu nyekundu,
ileile niliyosahihishia madaftari ya darasa la sita,
nikapanda baiskeli Barabara ya Kumi na Nne
hadi mwinuko wa Bombo unaokata pumzi,
karatasi nimeifunga kwenye upindo wa khanga kama nauli.

Shemdoe, mume wangu, fundi wa injini: damu.
Kapteni Mhina, rubani: figo.
Mwakutwaa wa mlangoni, aliyeruka miguu ikining'inia nje: ngozi.
Semkiwa, koo. Kilua, koo.
Kibwana, tezi.
Na yule kijana Mndolwa, sikujua kwake ilianzia wapi.
Mama yake alisema tu, "Ilianza, ikamaliza."

Daktari hakunipuuza.
Heri angenipuuza, ningejua pa kuipeleka hasira.
Aliyasoma kwa sauti, jina baada ya jina,
kama mwito wa mahudhurio usioitikiwa.
Akauliza: moshi wa injini ulirudi ndani?
Rada ilikaa puani mwa helikopta au tumboni?
Mikono yenye mafuta waliiosha kwa nini?
Kwa mafuta mengine, nikamjibu.
Shati la Shemdoe lilikataa sabuni;
siku ya tatu kambani
bado lilinuka taa ambayo hatujaiwasha.

Akaweka kalamu chini.
"Mwalimu, umeniletea kiasi.
Asili iko wapi?"

Miaka thelathini na mmoja nimechora ubaoni mstari ule mlalo,
kiasi juu, asili chini,
na mtoto akisahau asili namkata jicho.
Saba juu ya tisa ni kilio cha kuamsha mji.
Saba juu ya mia nne
ni umri, ni sigara, ni bahati mbaya ya kila mtaa.
Saba juu ya nini, Nyamvula?
Nilikuwa nimehesabu makaburi.
Walio nje ya makaburi
sikuwahesabu.

Basi nikaanza kuwatafuta wazima.

Kwa mfiwa ulimi una njia yake: pole, Mungu ndiye mpaji.
Kwa mzima unabisha hodi, anatoka na mswaki mdomoni,
useme nini?
Luteni mstaafu Shekiondo anauza mabati Chumbageni:
saa elfu mbili angani, meno yote kinywani,
kicheko cha kutikisa mabati yenyewe.
Nikaandika: hai.
Mkono ulisita kwenye ile *a*.
Swali lililonijia halikuwa na safu kwenye fomu,
nikalimeza, nikakanyaga pedeli.
Makorora, wawili, hai.
Duga, mmoja, hai, ana presha.
Pongwe, mmoja amehama, mke hataki kusema wapi.

Mwakidila nikamkuta Mwinjuma, mpishi wa kambi,
mtu ambaye hakuwahi kukanyaga hata ngazi ya helikopta.
Alinipakulia bada na samaki, yeye hakula.
Shingoni amejifunga kitambaa, na jua lile.
"Koo?" nikauliza.
"Tangu Rajabu."

Nitasema kweli, kwa kuwa hesabu haina haya:
nilitamani nisiwe nimefika.
Mtu mmoja, na mstari wangu wote ulikuwa unapinda.
Nilikunja karatasi. Nikaikunjua.
*Hakuruka. Anaumwa.*
Kalamu nyekundu ilikuwa imekwisha,
akaniazima ya kwake, ya buluu.

Sasa asili imefika sitini na tatu.
Wako wa Lushoto bado, wa Korogwe bado,
na mmoja, nasikia, anafuga nyuki Songea.
Daktari ananiambia haijatosha
kusema ndiyo, wala kusema hapana.
Namwambia najua. Ndivyo nilivyofundisha.

Leo asubuhi imepita moja, chini chini, juu ya paa za Ngamiani,
bati zikaimba, watoto wakakimbilia kivuli chake.
Nikashuka kwenye baiskeli.
Sikuweza kuona nyuso, ila mguu mmoja mlangoni.
Nikaandika tarehe, na chini ya mstari:
wanne, labda watano.
Majina bado.