Kisanduku Cheusi

Saa mbili usiku. Umeme wa Wete umerudi.
Visanduku kumi na tisa kwenye kioo,
kimoja cheusi: "Simu ya Mama".
Shaame, wanisikia?
Kimya. Kisha hata kisanduku kikatoka.

Nilimwandikia mama yake ujumbe wa adabu,
nukta mahali pake: Mzazi mpendwa,
mwanao hahudhurii somo la sehemu.
Tiki mbili. Siku ya nne, hakuna neno.
Ndipo nikakumbuka zile barua za skuli
alizokuwa akimpelekea jirani amsomee.

Nikaufuta. Nikabonyeza kipaza sauti:
"Bi Mize, mimi Mwalimu Asaa.
Sikutafuti kwa ubaya."

Jibu likaja karibu na alfajiri,
sauti ya chini, ya mtu asiyeiamini simu:
"Usituone wakaidi, mwalimu.
Bando la siku moja halifiki usiku,
na mvua hiyo yaja, karafuu hazijachambuliwa."

Nyuma yake makonyo yakidondoka beseni,
na mtoto, ulimi mzito kwa usingizi:
"Mama, tushamaliza pishi tatu katika nne.
Imebaki robo."

Nikairudisha. Nikasikiliza tena.
Ndilo swali la Jumatatu, lile
lililowainamisha vichwa wenzake wote.

Kwenye rejista nilishaandika: hayupo.
Nimekata, wino umechafua mstari.
"Bi Mize, mwambie Shaame amepata."
Sekunde nne tu,
zisije zikamla bando.