Safu ya Majirani

Daftari lenyewe limeliwa na mchwa kuanzia herufi M,
kwa hiyo ukoo wetu una matundu.
Karani wa usharika amenipa meza karibu na dirisha,
amenionya nisitie mate kidoleni.

Nakuta: Ndelilio Munuo, wa Machame juu,
alishuka tambarare mwaka wa nzige,
mke mmoja, watoto watatu, mbuzi sita, shoka moja.
Shoka wamelihesabu. Mke hawakumtaja jina.

Shangazi Aikande ndiye aliyenitajia juzi, akichambua maharage:
"Ndeshi. Alibeba miche ya masale kichwani,
ameifunga kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa.
Mume alifyeka, yeye akapanda mpaka.
Malaria iliwachukua wawili kabla mahindi hayajabeba."
Akanyamaza. Akaokota jiwe kwenye ungo,
akalitupa, kuku wakalikimbilia.

Hadithi tuliyorithi ni fupi zaidi:
sisi wa kwanza, pale palikuwa pori.
Tumeisema misibani, tumeisema kwenye mahari,
baba mdogo Eliakimu ameichora hadi kwenye saruji ya kaburi,
ALIYEFUNGUA PORI,
herufi ya mwisho ikabanwa ukingoni.

Sasa natelezesha rula chini ya mstari.
Kuna safu ya majirani.
Kaskazini: mfereji. Kusini: reli.
Magharibi: Mkahe mmoja mwenye mizinga.
Mashariki: wenye ng'ombe, wamehama.

Wamehama.
Wino uleule, mwandiko uleule mzuri wa shule ya misheni,
mkono haukusita.
Hakuandika lini, wala nani aliwaambia wahame.

Nawaza kijito tulichooga utotoni,
Ngare Narok, tukilitamka kama neno letu,
bila kuuliza ni nani aliyeyaona maji yale kuwa meusi
akayaita hivyo, kwa lugha
asiyoijua hata mtu mmoja nyumbani kwetu.

Saa kumi. Karani anafunga madirisha.
Nimenakili yote kwenye daftari la hesabu la mwanangu,
mizinga, ng'ombe, reli,
na kando ya Ndelilio, penye nafasi,
ndani ya kitabu chao, kwa penseli,
nimeandika Ndeshi.
Niliangalia mlango kwanza.

Jumapili nashuka Mabogini.
Masale yapo bado, yameipita nyumba kwa urefu.
Nitayafuata hadi kona ya mashariki,
niyatenganishe kwa mikono,
nitazame upande wa pili.