Zamu ya Maji, Ibra

Jumapili hadi Alhamisi nipo Al-Khoudh,
maabara ya ghorofa ya pili,
kiyoyozi kinachonivalisha sweta mwezi wa Juni.
Nazitazama seli za neva kisahanini:
kila moja na mkono mrefu,
ndani ya mkono, mfereji,
na tau, protini nyembamba,
imeushikilia ukuta usibomoke
ili mizigo ipite, ifike mwisho, irudi.

Nje ya seli, amiloidi:
vipande vinavyonata kama halua iliyoachwa garini.
Tumegombana miaka, mimi na Aflah,
nani aliyeanza.
Mimi nilimtuhumu wa nje, yeye wa ndani.
Sasa twaona wana miadi.
Wa nje hubisha hodi tu;
wa ndani hushtuka, hujaa fosfeti, huachia ukuta,
hushikana na mwenziwe, fundo kwa fundo,
hadi mfereji ukatike.
Seli tulizozinyima tau
tulizimwagia amiloidi usiku kucha.
Hazikufa.
Aflah alipiga makofi. Mimi nilikwenda kukaa garini.

Kwa sababu Alhamisi jioni ni Ibra,
ni Shangazi Raya na bilauri yake ya chai ya zaatari.
Kiarabu alichojifunza ukubwani kimehama kwanza;
kimebaki Kiswahili cha Wete, nacho kina matundu.
"Maji yamefika?"
"Bado."
"Maji yamefika?"

Leo falaji imefungwa.
Shafiqul amepiga magoti mferejini, anakwangua.
Ananionyesha kiganjani:
tope lililoletwa na wadi,
na bonge la saruji kuukuu, la ukuta wenyewe.
Tope lilisukuma, asema kwa Kiarabu chake cha kibarua,
lakini hili ndilo lililoziba.
Nimelitia mfukoni. Sijui la nini.

Ndani, Shangazi anahesabu zamu, vidole juu ya goti:
"Nusu saa ya kina Humaid.
Nusu saa ya msikiti.
Robo ya mjane wa Saif, na asiongezewe,
ana maneno yule."
Hakosei. Marehemu mumewe,
aliyepima zamu kwa kivuli cha kijiti,
asingepata pa kumsahihisha.

"Na sisi, Shangazi?"

Anatazama dirishani, mtende wetu wa khalasi
umeegemea ukuta, majani ya chini yamekauka.
"Nyie?" asema, kwa adabu ya kuongea na wageni.
"Kwani nyie mna shamba huku?"