Kidole Kimoja

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Waliosema walijua, ila hawakumjua Deolinda
wa kiwanda cha sufu, Covilhã,
ghorofa ya tatu, chumba ambamo mablanketi
huwa mistari kwanza kabla ya kuwa joto.

Miaka ishirini na sita mkono wa kulia ulishika kipanya
na watu wakausifu. Tazama, walisema,
unavyoteleza.
Hakuna aliyeutazama wa kushoto,
uliojilaza pembeni mwa kibodi kama paka mwenye kazi:
gumba juu ya Alti, kidole kidogo juu ya Kontroli,
cha pete kikiingia na kutoka Shifti.
Wa kulia uliburuta mstari; wa kushoto uliunyoosha.
Wa kulia ulishika mraba mwekundu, wa kushoto ukanong'ona Alti,
na miraba ikawa miwili.
Wa kulia ulikosea,
wa kushoto ukalifuta kosa kabla jicho halijalalamika.

Februari, theluji ikingali kwenye ngazi za mawe,
alibeba mkate, ukamdondoka.
Akauokota. Ukamdondoka.
Daktari akasema kiharusi kidogo, akalikazia lile "kidogo"
kama mtu anayepunguza bei.

Alirudi kazini Mei. Mkono wa kushoto
aliupandisha mezani kwa mkono wa kulia,
mzigo wa mtu mwingine.
Kunakili: vidole viwili kwa pamoja.
Kubandika: viwili. Kurudi nyuma: viwili.
Na mstari ulionyooka, Shifti chini na kipanya mbioni,
ulidai mikono yote, kama kukamua shuka.
Alijaribu kidevu.
Alijaribu penseli mdomoni.
Iolanda wa meza ya pili alijifanya anatafuta kitu drooni.

Saa tano hivi hasira zikampanda.
Akaigonga Shifti. Akaigonga, akaigonga,
akaigonga,
akaigonga.
Mashine ikatoa mlio mdogo, ikauliza swali.

Lile swali! Kisanduku kile kile cha kero
alichokifukuza miaka yote kwa Hapana,
kama mchuuzi mlangoni, bila kuuliza anauza nini.
Safari hii alisoma.
Kilisema, kwa Kireno cha ofisini, kisicho na huruma wala dharau,
ungependa kubonyeza kimoja kimoja?

Ndiyo.

Bonyeza Kontroli, iachie: itakusubiri.
Ibonyeze mara mbili: itajifunga kibwebwe.
Mara ya tatu, itakwenda zake.
Kisha herufi, kwa wakati wako,
hata ukipiga chafya katikati.
Alti ikasimama peke yake, mlango wazi,
mpaka kipanya kilipofika kuuvuta mraba,
na miraba ikawa miwili,
na miwili ikawa minne,
na Deolinda akasahau kwenda kula.

"Utaizima hiyo milio?" Iolanda aliuliza siku ya tatu.
"Hapana," alisema. Neno hilo alikuwa analijua vizuri.

Tusidanganyane: kazi ilikwenda polepole.
Bwana Abrunhosa alihesabu michoro mitatu kwa wiki
palipokuwa na mitano, akaikunja karatasi,
akaikunja tena, akaitia mfukoni.
Na blanketi moja la kijivu lilitoka
na uzi mmoja uliokosa mwenzake.
Aliliona dukani, akalinunua yeye.

Usiku, chini ya blanketi hilo,
mumewe Belmiro husikia kitu kwenye godoro:
mkono wa kushoto, ambao mchana haujui hata kushika kijiko,
unagusa shuka. Gumba. Kidogo.
Kimya kirefu. Gumba.
Hamwamshi mkewe.
Huhesabu tu gizani,
akingoja mara ya tano.