Kurasa za Nyuma

Saa kumi na mbili asubuhi, mjini Kudus,
twaingia kiwandani wanawake mia sita,
harufu ya karafuu imetutangulia mlangoni.
Mimi nasokota. Vidole havihitaji macho tena:
sigara elfu tatu kufika alasiri,
ujira kwa kila elfu.

Jioni Tukiran ananyoosha mkono.
Haombi. Ananyoosha tu, kama mtu anayedai chenji yake.
Nampa noti, anavuka njia hadi kwa Bu Painah,
anarudi na pakiti.
Siku moja nikaitoa moja, nikaigeuza, nikaona
mkunjo mdogo wa kushoto
ninaoujua kama mwandiko wangu.
Nilikuwa nimeinunua kazi yangu mwenyewe
kwa bei iliyozidi ujira wa kuifanya.

Nikachukua daftari la zamani la Ratmi,
lile lenye kurasa tupu nyuma.
Sikuandika dhambi. Niliandika pesa.
Pakiti mbili kwa siku.
Mchele wa nyumba nzima ulikuwa mstari mfupi
chini ya mstari wa moshi.
Nikazidisha kwa miaka kumi na tisa,
nikafuta, nikidhani nimeongeza sifuri.
Sikuwa nimeongeza.
Lilikuwa paa la vigae. Ilikuwa pikipiki na mafuta yake.
Ilikuwa ada ya Ratmi, ukunga, Semarang,
aliyoambiwa aisubiri mwakani;
naye sasa ana miaka ishirini na minne,
anapunguza ncha za sigara, meza ya tatu.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Hakuna aliyetaja kibaba chenye tundu.

Kisha kikohozi, kisha wodi.
"Bima imelipa, Bu," karani akanituliza,
"na ushuru wa pakiti ndio uliojenga wodi hii."
Bima ni nani? Ni mimi. Ni muuza tofu wa kona,
mjane asiyewahi kushika kiberiti ila jikoni.
Na huo ushuru:
mtu akuvunjie sahani
kisha akudai shukrani kwa kukuletea gundi.

Siku nane nilikaa kitandani pake.
Siku nane, sigara sifuri, ujira sifuri.
Hizo karani hakuziandika popote.

Jumatatu nilirudi mezani. Tumbaku, karatasi, gundi.
Nauli ya kliniki haitoki kwingine.
Elfu moja. Elfu mbili.
Mara nyingine, sijui kwa nini, moja huitazama zaidi,
nikaiwaza nyumba inakokwenda,
na mwanamke wa huko
akitafuta penseli.