Nafasi ya Kupumua

Fremu ya kwanza haikuwa na nafasi:
kioo kililala juu ya uso wa mama.
Mvua ya Januari ikapenya bati letu la Chang'ombe,
na nilipobandua, mdomo wake ukabaki kwenye kioo.

Ndiyo maana leo nimekaa Majengo,
kibandani kwa Ndahani, fundi fremu,
na picha tatu zilizosafishwa upya
kutoka negativu zilizosalimika ndani ya kopo la majani ya chai.

"Mikono umenawa?" ananiuliza kabla ya salamu.
"Shika pembeni."

Ya studio, ile ya koti la kuazima, anaipita.
Ya harusi ya shangazi, vivyo hivyo.
Anasimama kwenye ya Mpunguzi:
mama kainamia mizabibu, mkasi mkononi,
hana habari na mpiga picha.
"Weusi wa hii una kina. Ona, hata vumbi la kwenye kucha limetoka."

Mimi nilitaka ya koti.

Anakata mninga, anakata kadi nyeupe,
anaacha upenyo mwembamba kati ya karatasi na kioo.
Kisha ananipa penseli; kalamu, anasema, wino wake hupenya.
Sechelela, naandika kwa nyuma. Mwaka siujui.
Naandika: msimu wa kupogoa.

Nimeitundika ukuta usioonana na jua la magharibi.
Upepo wa Agosti ukileta vumbi lake
nafuta kioo, kioo tu,
kwa pindo la khanga yake,
na mdomo uko palepale, umefumbwa,
kama wa mtu anayehesabu vichala.